Mnashuka Kuchukua Nini?

Bibi yangu mzaa mama anakaa Newala, si mbali na ule ukingo ambao watu wanauita Shimo la Mungu. Mwaka jana, mwezi wa saba, nilimpitia asubuhi na mapema nikiwa na wenzangu wanne kutoka Mtwara mjini. Raba mpya, mabegi mgongoni, kofia, fulana za rangi moja. Nikamwambia, "Shikamoo Bibi. Tunashuka bondeni, jioni tutarudi." Akaitikia marahaba, akatutazama mmoja mmoja kama anayehesabu mbuzi, akauliza: "Mnashuka kuchukua nini?"

Tukatazamana. Mmoja wetu akasema tunafanya mazoezi. Bibi akataka kujua kama Mtwara majembe yamekwisha.

Tulicheka, tukaondoka, lakini swali lilinifuata mteremko mzima. Siku hizi kila kona vijana wanaenda haiki, yaani kutembea porini na milimani kwa kujifurahisha, na makala zinazosifu haiki zinaorodhesha yaleyale: moyo, mapafu, usingizi, msongo wa mawazo. Orodha hizo si za uongo. Tatizo ni kwamba hazimjibu Bibi. Kama kutembea porini kunaponya, mbona yeye, aliyetembea pori hilohilo tangu utoto, hasemi kwamba aliponywa? Faida iko wapi hasa: kwenye mlima, kwenye miguu, au kwenye kichwa cha mwenye miguu?

Tuanze na ardhi, maana Newala ni mlima uliopinduliwa. Kwingine mtu anaanzia chini, anapanda, anapiga picha kileleni, anashuka. Newala mji wenyewe ndio uko kileleni, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, kwenye Uwanda wa Makonde. Ukifika ukingoni nchi inakatika mbele ya vidole vyako. Chini kabisa limelala bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji. Kwa hiyo siku inaanza kwa kushuka. Raha unaila asubuhi ukiwa na nguvu, deni unalilipa mchana jua likiwa utosini.

Udongo wa uwandani ni wa kichanga, mwekundu sehemu nyingi, na haushiki maji. Mvua za kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili; zikinyesha, maji yanazama moja kwa moja mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha, kisha yanajitokeza huko chini kwenye miteremko kama chemchemi. Juu hakuna mto. Lakini watu walikaa juu, kwa sababu katika karne ya 19 bondeni kulikuwa na kitu kibaya kuliko kiu: uvamizi wa Wangoni na misafara ya watumwa iliyokuwa ikiteremkia pwani. Vichaka vya uwandani, vile ambavyo mtu mgeni hapenyi, vilikuwa ngome. Gharama ya ngome hiyo waliilipa wanawake, kwa miguu. Mabomba yalianza kupanda uwandani miaka ya 1950, na hata baada ya hapo vijiji vingi viliendelea kutegemea kichwa na shingo ya mama.

Njia tuliyoshuka sisi kwa raha zetu ilikuwa, basi, njia ya maji.

Kushuka kunadanganya. Unapopanda, misuli ya mbele ya paja inakaza huku ikifupika. Unaposhuka inafanya kazi ya breki: inakaza huku uzito wako ukiivuta irefuke. Kazi ya breki haisumbui mapafu, ndiyo maana watu hushuka wakipiga soga, lakini inachanachana nyuzi ndogondogo za misuli. Maumivu yake hayaji siku ileile. Yanakuja kesho yake, na yanakolea keshokutwa. Mimi siku ya pili nilishuka ngazi za ofisini kinyumenyume, nimeshika ukuta, wenzangu wakidhani nimeanza ibada mpya. Jambo la kufurahisha ni kwamba misuli ina kumbukumbu: ukiirudisha kwenye mteremko wa namna hiyo baada ya wiki mbili, maumivu yanakuwa madogo sana kuliko ya kwanza.

Hapa ndipo penye jambo moja ambalo wengi hawalijui. Watafiti wa Austria waliwahi kutumia mlima wenye gari linaloning'inia kwenye waya kutenganisha kazi hizi mbili. Watu walewale, miezi miwili walipanda kwa miguu na kushushwa na gari. Miezi miwili mingine walipandishwa na gari na kushuka kwa miguu. Kupanda kulisaidia zaidi kupunguza mafuta kwenye damu. Kushuka, ambako sote tunakudharau, kulisaidia zaidi mwili kuimudu sukari. Msuli unaofanya kazi hujifungulia mlango wake wa kuvuta sukari kutoka kwenye damu, hata pale insulini inapokuwa haitoshi au haisikiki vizuri, na mlango huo haufungwi mara tu ukikaa chini. Hubaki wazi kwa saa kadhaa. Kwa mtu mwenye kisukari kwenye ukoo wake, na siku hizi ni ukoo gani usio nacho, hilo si dogo.

Lakini kwa anayepanda mlima ili apungue, afadhali tupige hesabu kwa kipimo cha kwetu. Mtu wa kilo 70 akijipandisha mita 100 kwenda juu, kazi hiyo ya kuinua mwili inamla takriban kalori 65. Korosho moja ya kukaanga ina kalori kama nane au tisa. Yaani kila mita 100 za jasho ni korosho saba au nane. Tulipofika juu jioni tulipewa sahani ya korosho, na kabla maji ya kunawa hayajafika tulikuwa tumeshairudisha nusu ya mlima tumboni. Mlima unaufaa moyo, unaifaa mifupa, ambayo hukaza ikipigishwa chini na kubebeshwa uzito, unaifaa mishipa ya miguu. Kitambi kinasubiri maamuzi ya mezani.

Na hata hizo faida za moyo, Shirika la Afya Duniani linazungumzia dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kila wiki. Anayeshuka Newala mara moja kwa mwaka na siku nyingine zote anakaa kwenye bajaji hajatimiza kitu. Kwa hesabu ya mwili peke yake, nakiri, Bibi ametushinda. Jembe linatosha.

Kwa hiyo tuhamie kichwani.

Rachel Kaplan na Stephen Kaplan, mke na mume, wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, walitumia miaka mingi kuuliza kwa nini mtu aliyechoka akili hupumzika akiwa porini kuliko akiwa amelala kitandani. Jibu lao lililochapishwa mwaka 1989 linaanza na kutofautisha aina mbili za umakini. Upo umakini wa kujilazimisha: kuhesabu hela huku mteja mwingine anakuita, kusoma meseji ya bosi huku mtoto analia, kuvuka barabara ya sokoni Mtwara wakati wa msimu wa korosho, malori na bodaboda kila upande. Umakini huu ni kama betri, unatumika na kuisha, na ukiisha unakuwa mkali kwa watu bila sababu. Na upo umakini unaojivuta wenyewe, pasipo wewe kuusukuma. Kivuli cha wingu kinavyotambaa juu ya bonde. Moshi mmoja ukipanda kutoka kijiji usichokijua jina. Macho yanakwenda yenyewe, na wakati yanakwenda, ile betri ya kwanza inapata nafasi ya kujaa.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwatembeza watu 38 kwa dakika 90, nusu yao penye nyasi na miti, nusu kandokando ya barabara yenye magari mengi. Waliotoka kwenye miti walisema wamepunguza ile tabia ya kuzungusha jambo baya kichwani, unalitafuna, unalimeza, linarudi tena, kama ng'ombe anavyocheua. Vipimo vya ubongo vilionyesha pia utulivu kwenye sehemu inayohusiana na kucheua huko. Waliotembea barabarani hawakupata hilo, ingawa hatua walipiga vilevile. Kumbe si miguu peke yake.

Sawa. Ila wale 38 walikuwa watu wa mjini, California, mikono mitupu. Hakuna aliyekuwa na debe kichwani, na hapo ndipo Bibi anarudi na swali lake. Yeye alikuwa na miti, alikuwa na nyasi, alikuwa na moshi na kivuli cha wingu. Tena kila siku, bila kulipa nauli.

Ninachowapendea akina Kaplan ni kwamba jibu limo humo humo kwenye maelezo yao, ila wanaonukuu habari zao huishia kwenye uzuri wa mandhari. Wenyewe walisema mandhari ya kuvutia haitoshi. Ni lazima mahali hapo pawe mbali na shughuli zako za kila siku. Ni lazima pawe na upana wa kutosha kukufanya ujione umeingia kwenye ulimwengu mwingine. Na, hili ndilo kubwa, ni lazima unachotaka kufanya pale kilingane na kile mahali penyewe panakudai. Mama mwenye ndoo hayuko mbali na shughuli zake. Yuko katikati yake. Njia inamdai aangalie jiwe linalobiringika, maji yasimwagike, jua lisimkute, mtoto aliyemwacha asilie. Umakini wake wote ni wa kujilazimisha. Msitu ni uleule, lakini yeye yuko kazini humo.

Lindi wana ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili, ingawa tumezoea kuusimulia kwa upande wa mifupa. Kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi, ndiko Wajerumani walikochimba mabaki ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913. Lile umbo kubwa linalosimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu zaidi ya mita 13, lilitoka hapo. Haikuwepo reli wala barabara ya gari. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilifika bandarini Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku nne kwa safari moja, na safari zinahesabiwa zaidi ya 5,000. Leo kijana akifuata njia hiyo kwa miguu na begi dogo, akalala porini, akaamka na ndege, tutasema amefanya haiki ya maana sana, na kweli atarudi na kichwa chepesi. Wapagazi wale walipita miti ya namna hiyohiyo, na asubuhi zao zilikuwa na ndege. Sidhani kama kuna mmoja aliyefika Lindi akasema amepumzika.

Hata mwelekeo una uzito wake miguuni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyekiandikia Kiswahili sarufi yake, alitoka Lindi kwa miguu na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakielekea bara, upande ambao misafara ilikuwa ikiwatoa watu kuwapeleka Kilwa na Zanzibar. Wakafika Masasi, penye ile milima ya mawe matupu inayochomoza uwandani kama migongo ya viboko majini, wakajenga hapo. Jua la kusini, vumbi la kusini, na sasa wakipita kuelekea ndani, si pwani.

Kiswahili chenyewe kililijua jambo hili kabla ya wanasaikolojia. Anayekwenda shamba hatembei, anakwenda shamba. Anayebeba mzigo wa mtu yuko safarini. Kutembea, tukilisema peke yake, ni kwenda bila kudaiwa: "Ulikuwa wapi?" "Nilikuwa natembea tu." Na mtu akikujia kwako bila shida yoyote, kukusalimu, tunasema amekutembelea. (Neno lina maana nyingine pia ambazo hazifai mbele ya Bibi, nazo zina harufu hiyohiyo ya kwenda pasipo wajibu.) Kwa hiyo mtu anaposema haiki ni jambo la wazungu, mimi nitakubali raba ni za wazungu. Matembezi ni yetu. Kilichokuwa hakipo ni nafasi, hasa kwa wanawake, ya kwenda mahali bila kurudi na kitu.

Na nafasi hiyo ni rahisi kuipoteza hata ukishaipata. Mmoja wa wenzetu siku ile alikuwa anahesabu hatua kwenye simu. Kila baada ya dakika kumi anaitoa, anatangaza namba. Tukifika mahali penye mtandao anarusha picha, tukipoteza mtandao ananyanyua mkono juu kama anaomba mvua. Alipata hatua 24,000 na ushindi wake nampa. Nilipomuuliza baadaye kama alikiona kile kipungu kilichotuzunguka pale penye jiwe kubwa, hakujua nazungumzia nini. Alikuwa na debe lake kichwani.

Umakini mwingine lakini hauepukiki, na usidanganywe na maneno yangu ya kivuli cha wingu. Kiangazi ndio wakati mzuri wa kutembea kusini, Juni hadi Oktoba, na kiangazi ndipo upupu unapokauka. Yale manyoya yake madogo yanapeperuka na upepo, hayahitaji hata uyaguse. Mwenzetu aliyevaa kaptula aliukuta upupu kwenye kona ya tatu, na kwa robo saa hakuna aliyefikiria maana ya maisha. Mzee mmoja aliyekuwa anapanda alimpaka majivu, akamkataza kujikuna, akaendelea na njia yake bila kusimama hata kidogo. Kifutu naye hulala njiani na hajui kukimbia kama nyoka wengine. Unayemkanyaga ni wewe. Maji beba mengi kuliko unavyodhani, maana kiu inakuja kwenye kupanda, wakati chemchemi iko nyuma yako. Na kwa kuwa bonde lile ni mpaka, na vurugu za jimbo la Cabo Delgado huko ng'ambo zilianza mwaka 2017, mtu hashuki kimyakimya: unapita ofisi ya kijiji, mtendaji anajua mko wangapi na mnarudi saa ngapi. Sisi tuliambiwa tuishie kwenye chemchemi, tusisogee mtoni. Tukaishia kwenye chemchemi.

Pale chini palikuwa na wanawake wawili wanafua na mtoto mmoja anayelia kwa sababu ya sabuni. Maji yanatoka kwenye ufa wa jiwe, membamba kama mkono wa mtoto, baridi. Tulikaa kama saa nzima. Hakuna aliyesema lolote la maana. Nilijaza chupa yangu ili nimpelekee Bibi, kusudi safari hii niwe na jibu.

Kupanda kulituchukua mara mbili ya muda wa kushuka. Soga zilikatika kwenye mita mia za kwanza.

Jioni, tukiwa tumetandaza miguu kwenye mkeka wake, nilimuuliza Bibi ilikuwaje enzi zao. Nilikuwa nimeshajiandaa kusikia mateso. Akasema walikuwa wanatoka jogoo la kwanza, wanawake sita au saba, mitungi mitupu, kata zimefungwa kiunoni. Na njia nzima ya kushuka ni vicheko. Habari zote za kijiji zilikuwa zinasemewa pale, nani ameposwa, nani kafukuzwa, nani anamnyima nani. Nyimbo ambazo huziimbi mbele ya mume. "Kule mume hafiki," alisema. "Mama mkwe hafiki." Kuna siku, akasema, ndoo ya jana ilikuwa bado ina maji na yeye alishuka vilevile.

"Na kupanda?"

"Kupanda hakuna maneno. Tulikuwa tunashuka na maneno, tunapanda na pumzi."

Ikabidi nirekebishe nadharia yangu palepale kwenye mkeka. Walikuwa nayo, ile nusu ya asubuhi. Mbali na nyumbani, mikono mitupu, njia pana ya kutosha kuingia maneno ya watu saba. Mzigo ulikuwa unaanzia kwenye chemchemi.

Nikakumbuka chupa. Nikaitoa kwenye begi, nikampa kwa mikono miwili, nikamwambia, "Bibi, uliniuliza tunashuka kuchukua nini." Aliipokea, akaipima mkononi, akaisogeza kwenye taa asome kilichoandikwa ubavuni.

"Lita moja na nusu," alisema. Akatuhesabu tena mmoja mmoja. "Watu watano. Kutwa nzima."